Namna ya Kukadiria Ongezeko la Waislamu katika Mikoa ya Kanda ya Ziwa

Mwongozo huu unamlenga mtu anayetakiwa kujibu swali linaloulizwa mara kwa mara Mwanza, Bukoba, Musoma na Geita. Anaweza kuwa katibu wa msikiti anayepanga ujenzi wa madrasa, mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu, au mwandishi wa habari anayetafuta takwimu ya kuweka juu ya habari yake. Swali lenyewe ni hili: Waislamu, ambao katika mikoa hii ni wachache, wanaongezeka kwa kasi gani, na kasi hiyo inazidi ile ya majirani zao au iko chini yake? Ugumu wake unatokana na jambo moja kubwa, nalo ni kwamba Tanzania haijauliza dini ya mtu katika sensa tangu mwaka 1967. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zote zilifanyika bila swali hilo, na kabla ya ile ya 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viliwahimiza waumini wasikubali kuhesabiwa mpaka swali lirudishwe. Kwa hiyo kila anayetamka asilimia ya Waislamu wa Mwanza anatamka makadirio, hata kama ameyapokea kwa mwingine yakiwa yamevaa sura ya takwimu rasmi.

Kadirio zuri lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kiwango cha chini na cha juu ambacho mtafiti anaweza kukitetea mbele ya watu wasiompenda. Sehemu ya pili, ambayo wengi huiruka, ni maelezo ya ongezeko limetoka wapi: kwa watoto waliozaliwa, kwa watu waliohamia, kwa waliosilimu, au kwa mabadiliko ya mipaka na ya namna ya kuuliza ambayo hayakumwongeza mtu hata mmoja. Kwa maoni yangu sehemu hii ya pili ndiyo yenye faida zaidi, kwa sababu katibu wa madrasa anayejua kwamba ongezeko la mtaa wake limeletwa na vijana wapangaji atapanga tofauti kabisa na yule anayejua kwamba limeletwa na watoto wachanga.

Mipaka kwanza

Kabla ya kugusa dini, hakikisha eneo unalolipima mwaka wa mwanzo ndilo unalolipima mwaka wa mwisho. Sensa ya 2002 iliupa Mkoa wa Mwanza watu milioni 2.9 hivi, na ile ya 2012 ikaupa watu 2,772,509. Asiyeijua historia ya utawala atasema mkoa ulipungua, kumbe mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Geita, ukaondoka na wilaya ya Geita, na upande wa mashariki eneo la Busega likatolewa Magu na kuingizwa katika mkoa mpya wa Simiyu. Kundi lolote dogo ndani ya mkoa huo, wakiwemo Waislamu, lingeonekana kupungua au kuongezeka kwa kalamu ya mchora mipaka tu.

Njia salama ni kutumia kipindi cha 2012 hadi 2022, ambacho mipaka yake ya mikoa ilitulia, na sensa zake zote mbili zilifanyika katika nusu ya pili ya Agosti, hivyo miaka kati yake ni 10 kasoro siku chache tu. Mwaka 2022 Mwanza ilihesabiwa watu 3,699,872. Ili kupata kasi ya ukuaji wa kila mwaka, gawanya idadi ya mwisho kwa idadi ya mwanzo, chukua logi asilia ya jawabu hilo (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), kisha gawanya kwa idadi ya miaka. Kwa Mwanza unapata asilimia 2.9. Ukifanya hivyo kwa Geita, iliyotoka watu 1,739,530 hadi 2,977,608, unapata asilimia 5.4, kasi ambayo uzazi peke yake hauwezi kuizaa. Mkoa huo una migodi ya dhahabu na watu wanaoifuata. Mtu akitaka kupima kanda nzima, na ajumlishe Mwanza, Geita, Kagera, Mara na Simiyu, ambayo kwa pamoja ilitoka watu milioni 10.3 hadi milioni 14.2, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka. Akitaka kurudi nyuma mpaka 2002, itambidi aiingize na Shinyanga, kwa kuwa Simiyu na sehemu ya Geita zilikatwa huko.

Kasi hizi za watu wote ndizo kipimo cha kulinganishia. Usiwahi kuandika ongezeko la Waislamu bila kuliweka kando ya ongezeko la watu wote wa eneo hilohilo.

Idadi na mgao

Tuchukue wilaya ya kubuni. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 400,000, na kati yao Waislamu walikuwa 40,000. Mwaka 2022 ina watu 534,000, na Waislamu ni 56,000. Mtu mmoja ataandika kwamba Waislamu wameongezeka kwa asilimia 40, na atakuwa amesema kweli. Mwingine ataandika kwamba mgao wao umetoka asilimia 10 hadi asilimia 10.5, na yeye pia atakuwa amesema kweli. Wasomaji wa wa kwanza watadhani wilaya imegeuka, wasomaji wa wa pili watadhani hakuna kilichotokea.

Hesabu inayowapatanisha ni rahisi. Kama Waislamu wangekua kwa kasi ya wilaya tu, wangefika 53,400. Kwa hiyo kati ya watu 16,000 walioongezeka, 13,400 ni sehemu ya ukuaji wa kila mtu, na 2,600 peke yao ndio wanaohitaji maelezo maalumu. Kwa lugha ya kasi, Waislamu wamekua kwa asilimia 3.4 kwa mwaka na wilaya kwa asilimia 2.9. Ninashauri mtafiti aanze kila ripoti kwa mgawanyo huu, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi wa dini na takwimu katika nchi yetu hufa papo hapo watu wanapoona kwamba wote wameongezeka karibu sawa.

Mafunzo kutoka kwa majirani wanaouliza

Kenya na Uganda huuliza dini katika sensa, na mtu wa Mwanza anaweza kujifunza kwao namna takwimu hizi zinavyotenda. Sensa ya Kenya ya 2009 iliwapata Waislamu 4,304,798, sawa na asilimia 11 hivi ya watu wote. Ile ya 2019 iliwapata 5,152,194, ambao ni asilimia 10.9. Ukikokotoa kwa njia niliyoeleza hapo juu, Waislamu wa Kenya walikua kwa asilimia 1.8 kwa mwaka, chini ya watu wote waliokua kwa zaidi ya asilimia 2. Je, tuseme Waislamu wa Kenya wamepunguza uzazi ghafla? Kabla ya kusema hivyo, kumbuka kwamba matokeo ya 2009 ya wilaya nane za kaskazini yalizua mgogoro, serikali ikatangaza kuyafuta ikisema ongezeko lake halikuingia akilini, na kadhaa kati ya wilaya hizo, zikiwemo za Mandera na Wajir, zina wakazi ambao karibu wote ni Waislamu. Kama msingi wa 2009 ulivimba, kasi iliyofuata lazima ionekane ndogo. Kasi ya ukuaji hurithi makosa ya sensa zote mbili, na kosa la sensa ya kwanza huigeuza upande usioutarajia.

Uganda inatoa funzo la upande mwingine. Mgao wa Waislamu ulikuwa asilimia 10.5 mwaka 1991, ukawa asilimia 12.1 mwaka 2002, na asilimia 13.7 mwaka 2014. Katika kipindi cha mwisho watu wote walitoka milioni 24.2 hadi milioni 34.6, kwa hiyo Waislamu walikua kwa asilimia 4 hivi kila mwaka wakati nchi ilikua kwa asilimia 3. Tofauti hiyo ya asilimia moja kwa mwaka inaonekana ndogo, lakini ikidumu kizazi kizima inabadili mgao waziwazi. Hata hivyo haipaswi kuchukuliwa na kupandikizwa Kagera, ingawa Uislamu wa Bukoba una mizizi yake Buganda, kwa sababu sensa ya Uganda haisemi ongezeko hilo lilitokana na nini.

Wala usichukue takwimu ya taifa na kuigawia mikoa. Taasisi ya Pew Research Center ilikadiria kwamba mwaka 2010 Waislamu walikuwa asilimia 35 hivi ya Watanzania. Wengi wanadhani mtu akiiondoa Zanzibar, ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu, takwimu ya Bara itashuka sana. Haishuki sana, maana Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 tu kati ya 61,741,120 waliohesabiwa 2022. Ukiitoa, asilimia 35 inakuwa 33. Tofauti kubwa imo ndani ya Bara yenyewe, kati ya Pwani, Lindi, Mtwara, Tanga, Kigoma na Tabora kwa upande mmoja, na Kanda ya Ziwa kwa upande mwingine. Vivyo hivyo Waislamu wa Kisumu na Homa Bay hawawezi kusomwa kutoka wastani wa Kenya unaobebwa na Mombasa na Garissa.

Vyanzo vya pembeni na udanganyifu wake

Mtafiti asiye na fedha za utafiti wa kaya atatafuta ishara za pembeni. Zipo nyingi, na kila moja inapima kitu kingine pamoja na kile anachokitaka.

Idadi ya misikiti ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Msikiti hujengwa fedha zinapopatikana, mara nyingi kutoka kwa mfadhili mmoja, na unaweza kujengwa kando ya barabara kuu kwa ajili ya wasafiri. Kuhesabu safu za sala ya Ijumaa kuna nafuu kidogo, ila safu hizo ni za wanaume watu wazima, na katika maeneo ya sokoni huwa na wafanyabiashara wanaolala kata nyingine. Orodha za nyama ya udhhia, yaani ya wanyama wanaochinjwa Idd el-Hajj, huingiza majirani wasio Waislamu, jambo jema kwa ujirani na baya kwa takwimu. Idadi ya watahiniwa wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika mtihani wa kidato cha nne hupanda shule inapopata mwalimu na kushuka mwalimu anapohama. Kumbukumbu za ndoa kwa ofisi za wilaya za BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ni nzuri zaidi, kwa kuwa zina tarehe na eneo, ingawa hazina ndoa zisizoandikishwa wala za madhehebu yasiyopitia ofisi hizo.

Majina yanastahili kuzungumzwa kwa urefu, kwa sababu orodha za majina zipo kila mahali, na zikitumiwa kwa uangalifu zinaweza kutoa jambo la maana. Hatari yake hapa Usukumani inajulikana na kila mtu: kuna Waislamu wanaoitwa Masanja na Maduhu, na kuna akina Juma na Shabani ambao hawajawahi kuingia msikitini. Dawa ni kulipima jina kabla ya kulitumia. Tafuta kundi la watu ambao dini zao unazijua kwa kuwauliza wenyewe, kisha uone kanuni yako ya majina inawatambua Waislamu wangapi kati ya walio Waislamu kweli, na inawaita Waislamu wangapi kati ya wasio Waislamu.

Tuseme kanuni inawatambua asilimia 80 ya Waislamu wa kweli, na kwa makosa inawaita Waislamu asilimia 5 ya wengine. Ukiipitisha kanuni hiyo kwenye orodha ukapata asilimia 10, mgao wa kweli haufiki 10. Toa 5 kutoka 10, kisha gawanya kwa tofauti ya 80 na 5, yaani 75, unapata asilimia 6.7. Sasa ichukue orodha ya miaka 10 baadaye inayoonyesha asilimia 13. Kwa hesabu hiyohiyo mgao wa kweli ni asilimia 10.7. Kwa macho makavu mgao umepanda kwa theluthi moja hivi, kutoka 10 hadi 13. Kwa hesabu iliyosahihishwa umepanda kwa asilimia 60. Kundi likiwa dogo, Waislamu bandia wa majina huongeza kiwango na papo hapo huficha kasi, na hilo ni jambo ambalo watu wengi wanaotumia majina hawalitarajii. Pia pima upya kanuni yako kwa kila kizazi, kwa maana mitindo ya kuwapa watoto majina inabadilika, na jina lililokuwa alama ya dini kwa babu linaweza lisiwe alama kwa mjukuu.

Utafiti wa kaya

Hakuna kinachoshinda kuwauliza watu wenyewe, lakini lazima ujue mapema ni nini utafiti wa kaya hauwezi kukuonyesha. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, kwa mfano, huwauliza Watanzania 2,400 wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na dini ni miongoni mwa maswali yake. Mkoa wa Mwanza una asilimia 6 ya watu wa nchi, kwa hiyo kwa uwiano utapata watu 144 hivi katika sampuli nzima. Kama mgao wa kweli ni asilimia 20, kosa la sampuli la watu hao ni asilimia 6 au 7 kwenda juu au chini, nalo linazidi ukizingatia kwamba wahojiwa hukusanywa kwa vituo. Mikoa mitano ya kanda kwa pamoja hupata watu 550 hivi, na ukiunganisha awamu kadhaa unapata msingi unaofaa kwa kadirio la kiwango. Kwa kadirio la ongezeko bado haufai sana, na tena watoto hawamo.

Ukifanya utafiti wako mwenyewe, adui mkubwa ni msongamano. Waislamu katika kanda hii wana mazoea ya kuishi karibu na vituo vya zamani vya biashara, reli na bandari, mitaa ya katikati ya jiji la Mwanza ikiwa mfano, pamoja na mialo na miji midogo kama Nansio, wakati vijiji vingi vya ndani ya Kwimba au Misungwi vinaweza kuwa na kaya chache tu. Ukichagua mitaa michache na kuhoji watu wengi ndani ya kila mtaa, umeuliza jambo moja mara nyingi. Tuseme umehoji watu 1,200, mgao ni asilimia 15, na msongamano umepunguza nguvu ya sampuli mara nne. Una nguvu ya watu 300 tu, na kosa lako ni asilimia 4 kwenda juu au chini. Utafiti wa namna hiyohiyo ukirudiwa baada ya miaka 10 ukapata asilimia 18, tofauti ya asilimia 3 itakuwa na kosa la karibu asilimia 6. Hutakuwa umeonyesha ongezeko wala kupungua. Kwa hiyo chagua maeneo mengi ya kuhesabia, uhoji kaya chache katika kila moja, na uyape maeneo nafasi ya kuchaguliwa kwa uwiano wa ukubwa wake kwa mujibu wa sensa. Wenyeviti wa mitaa na vitongoji watakusaidia kuorodhesha kaya. Daftari la wakazi halina dini, na ni vema libaki hivyo.

Visiwa vinahitaji kalenda ya pekee. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi inapowaka wavuvi wengi huondoka kambini. Utafiti uliofanyika Ukerewe, Kome au Maisome wiki ya mwezi mpevu utakuta watu wengine kabisa na wale wa wiki ya giza, na wavuvi, wachuuzi na wapishi wa kambini hutoka mikoa mingi yenye migao tofauti ya dini. Hata sensa, ambayo humhesabu mtu pale alipolala, haiepuki jambo hili. Usiku wa sensa wa tarehe 26 Agosti 2012 mwezi ulikuwa unaelekea kupevuka, na ule wa tarehe 23 Agosti 2022 ulikuwa siku chache kabla ya mwezi mwandamo. Anayelinganisha kata za visiwani kati ya sensa hizo mbili na aandike jambo hilo katika ripoti yake. Epuka pia Ramadhani, Idd zote mbili na Krismasi, siku ambazo watu huwa safarini kwao.

Kuhusu maswali, ningependa mtafiti atoe nafasi zaidi kwa maswali ya nyuma kuliko kwa swali la leo. Swali la dini ya sasa peke yake linahitaji tafiti mbili na miaka 10 ya kusubiri. Ukiongeza maswali matatu, utafiti mmoja unaweza kukusimulia miaka iliyopita: mtu alilelewa katika dini gani, alizaliwa wilaya gani, na aliishi wapi wakati wa sensa iliyopita. Kwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 ongeza idadi ya watoto waliozaliwa hai katika miaka mitano iliyopita. Jibu la mtu kuhusu nafsi yake ndilo linalohesabika. Usimpime kwa sala zake, wala usimtoe Mwislamu wa Shia, wa Ibadhi, wa Bohora au wa Ahmadiyya kwa sababu mhojaji wako ana mtazamo wake. Mtoto ahesabiwe kwa dini ambayo wazazi wanasema wanamlea nayo, na ndoa za mchanganyiko ziwekewe alama ili ziangaliwe peke yake. Wahojaji wajue Kisukuma, Kikerewe, Kihaya au Kijita kufuatana na eneo, na wasivae kofia ya kiua wala rozari, kwa kuwa watu wa kanda hii ni wastaarabu na humpa mgeni jibu wanalodhani litampendeza.

Uzazi, uhamaji na kusilimu

Dhana iliyozoeleka ni kwamba Waislamu huongezeka kwa sababu huzaa zaidi. Katika Tanzania dhana hiyo haisimami bila kuchunguzwa. Utafiti wa afya na uzazi wa 2015 na 2016 ulikuta wastani wa watoto 6.4 kwa mwanamke katika Kanda ya Ziwa, wakati Kanda ya Mashariki, yenye Dar es Salaam na Pwani, ilikuwa na 3.9, na Kanda ya Kusini, yaani Lindi na Mtwara, ilikuwa na 3.8. Kanda hizi mbili zenye Waislamu wengi zilikuwa na uzazi mdogo kuliko kanda yetu yenye Waislamu wachache. Uzazi hufuata elimu ya mwanamke, makazi ya mjini au kijijini, na umri wa kuolewa kabla ya kufuata dini. Na kwa kuwa Waislamu wa Kanda ya Ziwa wamejikita mijini kuliko majirani zao, inawezekana kabisa wanazaa wachache kuliko wastani wa mkoa. Linganisha wanawake Waislamu wa Nyamagana, wilaya iliyo katikati ya jiji la Mwanza, na wanawake wengine wa Nyamagana. Usiwalinganishe na wa Kwimba.

Uhamaji una chanzo kizuri ambacho hakitumiki vya kutosha: sensa huuliza mahali pa kuzaliwa, na majedwali yake yanaonyesha waliozaliwa Tabora, Kigoma au mikoa ya pwani wanaoishi Mwanza. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 na njia hiyo ya watu haijakauka tangu hapo. Ila usizidishe idadi ya wahamiaji kwa mgao wa dini wa mkoa walikotoka, kwa sababu anayehama si mfano wa walioachwa nyumbani. Tumia majibu ya swali lako la mahali pa kuzaliwa kurekebisha. Na wahesabu pia wanaoondoka. Vijana wa Mwanza wanaokwenda Dar es Salaam hawamo katika sampuli yako, na ukiwasahau utadhani uhamaji ni mlango wa kuingilia tu.

Kusilimu na kutoka katika Uislamu kuhesabiwe kwa pande zote mbili, na jawabu liwe tofauti kati yake. Orodha ya waliosilimu iliyoko msikitini ni nusu ya habari, kama vile orodha ya waliobatizwa ilivyo nusu. Kwa Usukuma kuna jambo la kihistoria la kuzingatia. Katika sensa ya 1967 zaidi ya theluthi moja ya watu nchini walihesabiwa kuwa wafuasi wa dini za jadi. Kundi hilo likipungua, Uislamu na Ukristo vyote vinaweza kukua kwa miongo kadhaa bila kunyang'anyana mtu. Ndiyo maana swali la dini aliyolelewa nayo mtu lazima liwe na jibu la dini ya jadi, tena litamkwe na mhojaji kwa heshima ileile, la sivyo watu watajificha chini ya mojawapo ya dini mbili kubwa.

Tukirudi kwenye wilaya ya kubuni, watu 2,600 waliokuwa wakihitaji maelezo wanaweza kugawanyika hivi: 1,700 kwa uhamaji, 500 kwa kusilimu baada ya kuwatoa waliotoka, na 400 kwa tofauti ya uzazi. Namba mbili za mwisho zimo ndani ya kosa la sampuli, kwa hiyo ripoti iseme kwamba uhamaji ndio chanzo kikuu na kwamba vingine havitofautishwi na sifuri. Kusema hivyo si udhaifu wa utafiti.

Kuandika matokeo

Andika kiwango cha chini na cha juu, andika mwaka, mipaka, umri wa waliohusika na namna walivyoulizwa. Namba za makadirio zikadiriwe kwa maelfu; Waislamu 50,000 hadi 62,000 inasomeka kama makadirio, ilhali 56,237 inasomeka kama sensa. Kwa makisio ya mbele, usiivute kasi ya uhamaji ya miaka 10 kwa miaka 40, maana mgodi hufungwa na bandari hupoteza biashara. Toa njia mbili au tatu: uhamaji ukiendelea, ukipungua nusu, ukikoma, na usizidi miaka 20.

Mwisho kuna suala la ulinzi wa watu waliokujibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu imani za dini kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo ridhaa iombwe waziwazi, vibali vya utafiti vipatikane kabla ya kazi, na majina yatenganishwe na majibu siku ileile. Usichapishe jedwali la kitongoji chenye kaya nne za Kiislamu, kwa sababu kila jirani atazijua. Unganisha vitongoji mpaka kata, na kata zenye idadi ndogo ziunganishwe na jirani zake, hata kama mwenyekiti aliyekusaidia kuorodhesha kaya anataka kuona takwimu ya eneo lake peke yake.